UZI: Usifute keneli yako uanze upya, rekebisha bagi moja moja (kwa wanaoandika OS zao wenyewe)

#1 – Mwanzisha uzi

Wakuu habari zenu. Huu uzi ni wa wale tunaojiandikia OS (mifumo endeshi ya kompyuta) zetu wenyewe, sio kwa ajili ya kazi wala mtihani, ni mapenzi tu ya kujua mashine inafanya nini kuanzia pale inapowashwa. Kuna hatua moja watu wengi wanakwama na wanakwama kwa namna ileile: keneli (kiini cha OS) inabuti, maandishi yanatokea, kibodi inaitika, taima inagonga, halafu mambo yanaanza kuwa ya ajabu, mara inajirestati yenyewe, mara inaganda ukibonyeza vitufe haraka haraka, basi mtu anasema "muundo wangu mbovu", anafungua folda mpya anaanza moja. Akifika hatua ileile anakutana na bagi (makosa ya kodi) zilezile maana hakuwahi kujua zilitoka wapi.

Msimamo wangu ni huu, usianze upya. Shika bagi moja, ijue mpaka uweze kumweleza mtu mwingine chanzo chake kwa sentensi mbili, irekebishe, andika hayo maelezo kwenye komiti (badiliko moja lililohifadhiwa kwenye historia ya kodi), weka testi, hamia nyingine. Keneli inakua hivyo. Linux yenyewe toleo la 0.01 lilitoka Septemba 1991 na mistari kama 10,000 hivi ya kodi, toleo la 1.0 likaja Machi 1994, na hapo katikati kwenye 0.99 peke yake zilitoka pachi (marekebisho) moja baada ya nyingine mpaka kufikia pachi ya 15. Yaani namba ilibaki 0.99 zaidi ya mwaka mzima huku watu wanarekebisha tu.

Ngoja nitoe mfano mmoja kwa undani ili tuelewane. Kwenye keneli yangu ya biti 64 kulikuwa na fankisheni ndogo ya kupiga cheksamu (jumla ya kuhakiki) ya faili. Inapokea pointa (anwani ya memori) na urefu, inazunguka inajumlisha baiti, inarudisha jibu, haiiti fankisheni nyingine yoyote. Inafanya kazi vizuri halafu mara moja moja inalipuka na peji folti (kosa la kugusa anwani ya memori isiyoruhusiwa). Ukiisoma kodi huoni kasoro. Ukiweka printf ndani ya lupu uone kinachoendelea, bagi inapotea. Wengi hapo wanaiacha printf humo humo wanasonga mbele, na mimi nasema hapo ndipo pa kusimama, maana bagi iliyopotea bila sababu haijaondoka, imejificha tu.

Ukiangalia CR2, ile rejista inayobaki na anwani iliyoleta peji folti, ilikuwa na 0x202, mara nyingine 0x246, mara nyingine 0x297. Pointa ya faili haiwezi kuwa 0x202 hata siku moja. Lakini aliyekaa na manuali ya Intel akiziona hizo namba anazijua, ni RFLAGS hizo, rejista ya hali ya prosesa. Biti ya 1 muda wote inawaka, biti ya 9 ndiyo inayosema intarapti (ishara zinazokatiza kazi ya prosesa) zimeruhusiwa, ukiziweka pamoja unapata 0x202, na zile nyingine ni hiyohiyo imeongezewa matokeo ya ulinganisho wa mwisho. Sasa swali, RFLAGS zimeingiaje kwenye nafasi ya pointa?

Jibu lipo kwenye makubaliano ya System V ya x86-64, zile kanuni za namna fankisheni zinavyoitana. Yanairuhusu fankisheni itumie baiti 128 zilizo chini ya RSP (rejista inayoonyesha staki, memori ya kazi ya fankisheni, imefika wapi) bila kuisogeza RSP yenyewe, ndiyo redi zoni hiyo. Kompaila (programu inayogeuza kodi kuwa maelekezo ya prosesa) anapenda kuitumia kwa fankisheni zisizoita nyingine, anaokoa maelekezo mawili matatu. Kwenye programu za kawaida haina shida. Ndani ya keneli intarapti ya taima ikipiga, prosesa haibadilishi staki, inasukuma palepale SS, RSP, RFLAGS, CS na RIP, maneno matano ya baiti nane nane, jumla 40, juu ya vigezo vya fankisheni yako ambayo ilidhani ile sehemu ni yake. Pointa iliyokuwa imehifadhiwa baiti 24 chini inageuka kuwa RFLAGS. Na kwa nini printf inaficha bagi? Kwa sababu ukishaiweka, fankisheni sasa inaita fankisheni nyingine, kwa hiyo kompaila anasogeza RSP kama kawaida na redi zoni haitumiki tena.

Dawa ni neno moja kwenye Makefile (faili la maelekezo ya kubildi), `-mno-red-zone`. Neno moja! Lakini ukilipata kwa njia hii unakuwa umejifunza staki, intarapti, kompaila na namna ya kusoma damp ya rejista kwa pamoja, na ukilipata kwa kukopi Makefile ya mtu hujui hata lipo kwa ajili gani, siku ukibadilisha mfumo wa kubildi unalitupa. Na msisahau libgcc (maktaba saidizi ya kompaila GCC), kama umeiunganisha na keneli nayo inatakiwa iwe imebildiwa bila redi zoni la sivyo umeziba mlango mmoja umeacha dirisha.

Karibuni tuchangie, leteni bagi zenu.

#2

Naweka kambi hapa. Shusha nondo mkuu, mada kama hizi ni chache sana kwa Kiswahili.

#3

Mkuu asante kwa uzi. Mimi yangu ipo hivi, kwenye QEMU (emuleta, yaani kompyuta ya kuigiza) keneli inapiga kazi safi kabisa, kila kitu kinaenda, nikiiweka kwenye flashi nikabuti laptopu ya kweli inaganda hata kabla ya kuandika herufi ya kwanza. Nimejaribu laptopu nyingine inafika mbele kidogo halafu inajirestati. Naanzia wapi? Maana hata poti ya siriali ya kutolea maandishi laptopu haina.

#4 – Mwanzisha uzi

Mkuu #3 hili swali ni kubwa na ndilo linalowavunja moyo watu wengi, kwa hiyo nivumilie nitaandika kirefu.

Emuleta ni mpole. Inakupa mazingira masafi ambayo mashine ya kweli haikupi, na kila bagi inayotokea kwenye chuma peke yake ujue kuna kitu ulikuwa unapewa bure bila kujua. Cha kwanza kabisa kukiangalia ni BSS, lile eneo la vigezo vya dunia visivyo na thamani ya kuanzia. C inaahidi kwamba ni sifuri, lakini anayetimiza hiyo ahadi ni yule anayeipakia programu, na kama butiloda (programu inayoipakia keneli) yako umeiandika mwenyewe basi huyo ni wewe. Memori ya QEMU inaanza ikiwa sifuri tupu kwa hiyo ukisahau kuisafisha BSS hakuna kinachotokea. Kwenye laptopu humo mnakuwa na masalia ya firmwea, kigezo chako cha "idadi ya proses" kinaanza na namba ya ajabu ajabu na hapo ndipo safari inapoishia. Ukitumia GRUB (butiloda iliyo tayari) na faili la keneli la aina ya ELF yeye anaisafisha mwenyewe, kwa hiyo hii inawahusu zaidi wanaojiandikia butiloda.

Cha pili kama unabuti kwa BIOS (firmwea ya zamani) ni A20, waya wa biti ya 20 ya anwani za memori. QEMU inakuletea A20 ikiwa wazi tayari. Kuna mashine za kweli zinakuja imefungwa, na ikifungwa biti ya 20 ya anwani muda wote ni sifuri, kwa hiyo ukiandika kwenye megabaiti ya pili unakuwa kumbe unaandika juu ya ile ya kwanza. Usiamini, pima: andika thamani kwenye anwani moja, soma ile iliyo megabaiti moja juu yake, ukiona zinafanana badilisha thamani upime tena.

Cha tatu ni ramani ya memori ya E820, ile orodha ya BIOS ya memori ipi ni huru na ipi sio. Watu wanachukulia kwamba inakuja imepangwa vizuri kwa mpangilio wa anwani. Kwenye mashine za kweli vipande vinaweza kuja vimevurugika, vingine vinapandana, kipande kimoja kinasema hapa ni huru na kingine kinasema hapohapo pamehifadhiwa. Panga kwanza, na pakigongana chukua lile jibu la tahadhari, yaani pamehifadhiwa.

Halafu kuna TLB, ile akiba ya prosesa ya kukumbuka anwani zilizokwisha kutafsiriwa. Ukibadilisha kiingilio kwenye jedwali la kurasa bila kufanya `invlpg` (elekezo la kufuta tafsiri hiyo), prosesa ina haki kabisa ya kuendelea kutumia tafsiri ya zamani. Kwenye emuleta inaweza isionekane kabisa, kwenye chuma unaandika data kwenye ukurasa ambao ulishaugawa kwa mtu mwingine. Hii huwa haigandishi papo hapo, inaharibu halafu inakuja kulipuka mbali, sehemu isiyohusika kabisa.

Kuhusu kutokuwa na siriali, tumia rangi. Sisemi utani. Kama una fremubufa (memori ya picha ya skrini), baada ya kila hatua ya kuanza paka mraba mdogo kwenye kona ya skrini, kijani baada ya GDT (jedwali la segimenti), bluu baada ya IDT (jedwali la intarapti), njano baada ya kurasa, na kuendelea. Ikiganda unahesabu miraba unajua imefia wapi. Ni kodi ya mistari kumi na haihitaji fonti wala printf wala memori ya kugawa. Hiyo laptopu ya kwanza inayoganda kabla ya herufi ya kwanza inawezekana kabisa imebuti vizuri ila wewe unaandika kwenye 0xB8000 wakati mashine imebuti kwa UEFI (firmwea ya kisasa) na hakuna hali ya maandishi ya VGA hapo. Anza na hiyo kabla ya yote.

#5

Samahani nipinge kidogo mwanzisha uzi. Kuna wakati kuanza upya ndio sahihi. Mimi nilianza biti 32, kila mahali nimetumia `uint32_t` (namba ya biti 32) kama anwani, nilipotaka kwenda biti 64 kurekebisha ilikuwa kazi kuliko kuandika upya. Na kigawa memori changu cha mwanzo kilikuwa cha hovyo, hakuna pachi ambayo ingekiokoa. Tusiwafunge watu kwenye kodi mbaya kwa jina la uvumilivu.

#6 – Mwanzisha uzi

Mkuu #5 hoja yako naipokea na sikupingi kwenye kigawa memori. Ila tutofautishe vitu viwili, kubadilisha kiungo kimoja na kuua mwili mzima.

Chukua huohuo mfano wako. Kigawa kurasa cha mwanzo cha watu wengi ni bitmapu, biti moja kwa kila ukurasa wa KB 4. Memori ya GB 4 ni kurasa 1,048,576, kwa hiyo bitmapu nzima ni KB 128, sio mbaya hata kidogo. Shida inakuja unapotafuta ukurasa huru kuanzia biti ya sifuri kila mara, memori ikishajaa upande wa mwanzo kila ombi linatembea biti laki kadhaa kabla ya kupata. Mtu anasema "bitmapu ni ya hovyo, naanza upya na badi alokeita (kigawa kinachokata memori nusu kwa nusu)". Ngoja kwanza. Pachi ya kwanza: kumbuka ulipopata mara ya mwisho, anzia hapo. Pachi ya pili: badala ya biti moja moja soma neno zima la biti 64, kama zote zimejaa ruka, kama kuna iliyo huru prosesa anakutafutia mwenyewe kwa `bsf`. Hizo pachi mbili hazifiki mistari thelathini na mashine inaonekana imezaliwa upya. Baada ya hapo ukitaka badi, weka badi, lakini nyuma ya majina yaleyale mawili ya fankisheni, ya kutoa ukurasa na ya kurudisha ukurasa. Huko juu hakuna anayejua kwamba chini pamebadilika. Na zile testi ulizoandikia bitmapu zinaipima badi bila kubadilisha herufi.

Kuhusu 32 kwenda 64 ni kweli inauma. Hata hapo mimi ningeanza na pachi ya kuchosha kuliko zote, kuweka aina mbili tofauti, moja ya anwani ya kweli (physical) na moja ya anwani ya kubuni (virtual), zote bado zikiwa biti 32, nikaipitisha keneli nzima faili kwa faili huku inaendelea kubuti kila siku. Njiani utakutana na sehemu ulizochanganya hizo mbili bila kujua, na hizo ni bagi za kweli zilizokuwa zinakusubiri. Ukimaliza, kubadilisha upana ni sehemu moja.

#7

Hii ya kuboresha kidogo kidogo naomba nichangie ya saa, maana naona haiongelewi.

Keneli yangu ilikuwa na taima ya PIT (chipu ya taima ya PC) kwa 1000 Hz na kila intarapti naongeza milisekunde moja. Inaonekana sawa kabisa. Lakini ukiiacha iwake siku nzima saa inakuwa imetangulia kama sekunde 13. Watu wanalaumu emuleta au kristali ya mashine, ukweli upo kwenye hesabu. PIT inapiga 1,193,182 kwa sekunde na inagawa kwa namba nzima tu. Ukitaka 1000 Hz unaweka 1193, na 1,193,182 gawanya kwa 1193 sio 1000 ni 1000.15. Hiyo 0.15 inaonekana si kitu lakini kwa siku yenye sekunde 86,400 ndiyo hizo sekunde 13.

Watu wanahangaika kutafuta kigawanyo kizuri zaidi, hakipo. Dawa ni kuacha kudanganya kwamba kila mpigo ni milisekunde moja. Kila intarapti ongeza nanosekunde 999,847, tunza muda wote kwa nanosekunde kwenye biti 64, milisekunde uzipige unapoulizwa. Mstari mmoja umebadilika na kosa la hesabu limebaki dogo kuliko kosa la kristali yenyewe.

#8 – Mwanzisha uzi

#7 hongera mkuu, hii ndiyo aina ya rekebisho ninayoizungumzia. Chanzo kinajulikana, namba zinaeleza kila kitu na mtu yeyote anaweza kuhakiki kwa kalamu.

#9

Swali wakuu, hizo testi mnazosema mnaziendeshaje? Maana keneli sio programu ya kawaida, ikimaliza haitoki, inakaa tu pale. Mimi nabildi, nafungua QEMU, naangalia kwa macho, nafunga. Ukiniambia nifanye hivyo kwa kila pachi ndogo nitaacha.

#10 – Mwanzisha uzi

Dada/kaka #9 ukifanya kwa macho lazima uchoke, kila mtu anachoka, kwa hiyo usifanye kwa macho.

QEMU ina kifaa kinaitwa isa-debug-exit. Unaongeza `-device isa-debug-exit,iobase=0xf4,iosize=0x04`, na keneli yako ikiandika namba kwenye poti ya 0xF4, QEMU inafunga na kutoka. Namba ya kutokea anaizidisha kwa mbili na kuongeza moja, kwa hiyo ukiandika 0x10 skripti yako inapata 33. Wewe unakubaliana na nafsi yako kwamba 33 ni kufaulu na nyingine yoyote ni kufeli. Ripoti iandike kupitia siriali poti 0x3F8 na QEMU ukaiambie `-serial stdio`, basi unaona matokeo kwenye teminali kama programu yoyote ile. Weka na muda wa mwisho kwenye skripti, ikipita sekunde kadhaa bila kutoka hiyo nayo ni kufeli, imeganda. Ongeza `-no-reboot` ili tripo folti (kosa la tatu mfululizo linalorestati mashine) isikuzungushe kwenye kubuti milele, na ukitaka kujua ilikufa vipi `-d int,cpu_reset` inakuandikia kila eksepsheni (kosa lililonaswa na prosesa) pamoja na rejista zake zote mpaka ile ya mwisho.

Utamu unaanzia hapa. Ukishakuwa na skripti inayorudisha sifuri kwa kufaulu na moja kwa kufeli, unaipa `git bisect run`, amri ya git (programu ya kutunza historia ya kodi). Tuseme leo umegundua kitu kimeharibika na hujui kimeharibika lini, kuna komiti 1,000 tangu mara ya mwisho kilipokuwa kizima. Git inagawa nusu kwa nusu, baada ya majaribio kama 10 inakutajia komiti yenye hatia. Komiti ambayo haibildi kabisa mrudishie 125 ataipita. Lakini hii inalipa tu kama komiti zako ni ndogo. Ukikomiti mara moja kwa wiki na mistari elfu mbili, git atakuonyesha "ni hii hapa" na wewe utabaki na mistari elfu mbili ya kusoma. Ndiyo maana nasisitiza kimoja kimoja, sio unadhifu tu, ni kwamba kesho unapotafuta unatafuta kwenye mistari kumi.

#11

Wakuu FAT32 (mfumo wa faili wa flashi) inanitesa. Nasoma faili ndogo vizuri, kuna flashi moja nikisoma faili yoyote inasoma mpaka mwisho halafu haiachi, inaendelea na klasta (vipande vya diski) za ajabu mpaka inaleta makosa ya diski. Flashi nyingine zote sawa.

#12

#11 angalia unavyotambua mwisho wa mnyororo wa klasta. Nina uhakika una `== 0x0FFFFFFF`. Mwisho wa faili kwenye FAT32 ni thamani yoyote kuanzia 0x0FFFFFF8 kwenda juu, programu nyingi zinaandika hiyo ya F tupu lakini sio zote, hiyo flashi yako imefomatiwa na kifaa kinachoandika F8. Weka `>=`. Na kabla ya kulinganisha kata biti nne za juu kwa `& 0x0FFFFFFF` maana pamoja na jina la 32 kiingilio kinatumia biti 28 tu, hizo nne zimehifadhiwa na zinaweza kuwa na chochote. Ukiwa unaandika kwenye diski hizo nne uzirudishe kama ulivyozikuta.

#13

#12 ubarikiwe, ilikuwa 0x0FFFFFF8 kweli, imekubali.

Mwanzisha uzi naomba na ile ya kuganda ukibonyeza vitufe haraka uliyoitaja mwanzo, yangu inafanya hivyohivyo. Nina spinloki (kufuli ambayo anayeisubiri anazunguka tu mpaka iachiwe) kwenye bufa (memori ya muda) ya kibodi kwa hiyo sidhani kama ni kugombania.

#14 – Mwanzisha uzi

Mkuu #13 hiyo spinloki ndiyo inayokugandisha. Fuata hatua kwa hatua: shelu (programu inayopokea amri) inataka kusoma herufi, inachukua loki ya bufa. Kabla haijaiachia, kitufe kinabonyezwa, intarapti inaingia kwenye prosesa ileile, hendla (fankisheni inayoshughulikia intarapti) ya kibodi nayo inataka loki, inakuta imeshikwa, inazunguka inasubiri. Anayeishika ni shelu, na shelu haiwezi kuendelea mpaka hendla irudi, na hendla hairudi mpaka shelu iachie. Basi, imeisha. Ukibonyeza pole pole huipati kwa sababu nafasi ya kugongana ni maelekezo machache tu, ukibonyeza haraka unaikuta.

Loki yoyote inayoguswa na hendla ya intarapti lazima ichukuliwe intarapti zikiwa zimefungwa. Watu wanaweka `cli` (kufunga intarapti) wakati wa kuchukua na `sti` (kuzifungua) wakati wa kuachia na kusema wamemaliza, hiyo inazaa bagi nyingine mbaya kuliko hii. Kama fankisheni iliitwa na mtu ambaye tayari alikuwa amefunga intarapti, `sti` yako inazifungua mapema bila yeye kujua na ulinzi wake wote umeondoka. Sahihi ni kuhifadhi RFLAGS kwa `pushfq`, halafu `cli`, chukua loki, na wakati wa kuachia rudisha zilezile RFLAGS ulizozikuta. Kama zilikuwa wazi zitakuwa wazi, kama zilikuwa zimefungwa zitabaki zimefungwa.

Ukishaweka, andika testi yake: hendla ya taima iguse loki hiyo hiyo, taima iende kasi, na lupu ya kawaida ichukue na kuachia bila kupumzika. Bila rekebisho inaganda ndani ya muda mfupi sana. Iendeshe kwanza kwenye kodi ya zamani uone inafeli kweli, ndipo uweke pachi. Testi ambayo hujawahi kuiona ikifeli huna sababu ya kuiamini.

#15

Mkuu mimi nina daftari zima la mambo ya kurekebisha, kuskroli ni polepole, skejula (inayogawa zamu za prosesa) haina kipaumbele, staki za keneli ni ndogo, sisikoli (maombi ya programu kwa keneli) hazihakiki pointa, intarapti ya 7 inakuja yenyewe bila kifaa. Ungekuwa wewe ungeanza na ipi?

#16 – Mwanzisha uzi

Ningeanza na zile zinazoharibu memori kimyakimya, kwa sababu hizo zinadanganya kuhusu nyingine zote. Huwezi kuchunguza skejula wakati staki inamwagika chini yako.

Kwa hiyo staki kwanza. Usikimbilie kuzikuza, weka ukurasa mtupu usio na ramani chini ya kila staki, ikimwagika upate peji folti palepale badala ya kufuta data ya jirani. Ila ukifanya hivyo tu utaona mashine inajirestati, na kuna sababu: peji folti inataka kusukuma vitu kwenye staki, staki ndiyo imeisha, inageuka dabo folti, nayo inataka staki ileile, inakuwa tripo folti na prosesa inaanza upya. Ndiyo maana dabo folti inapewa staki yake ya pembeni kupitia IST (orodha ya staki za akiba) kwenye TSS, jedwali ambalo prosesa inalisoma. Hizo ni pachi mbili, ziweke kwa mpangilio huo wa nyuma, IST kwanza na ukurasa mtupu baadaye.

Pili sisikoli. Programu ikikuletea pointa na urefu, hakiki kwamba mwanzo na mwisho vyote viko upande wa mtumiaji, na hakiki bila kujumlisha kwanza, maana pointa kubwa ukiijumlisha na urefu mkubwa inazunguka inarudi namba ndogo na kupita kama halali. Ukishaona pointa haizidi kikomo, itoe kwenye kikomo halafu linganisha na urefu.

Intarapti ya 7 ni ya haraka, ni PIC (chipu inayopeleka intarapti kwa prosesa) inatoa mpigo wa uongo. Soma rejista ya ISR (inayoonyesha intarapti zinazoshughulikiwa), kama biti ya 7 haijawaka rudi bila kutuma EOI (ishara ya "nimemaliza"). Ikiwa ni ya 15 ya uongo, mtumie EOI yule mkuu (PIC ya kwanza) peke yake, mdogo (PIC ya pili) usimtumie.

Kuskroli kunangoja kidogo lakini kunafurahisha kwa hiyo kaweke iwe zawadi. Nakisia unasoma kutoka kwenye fremubufa yenyewe ili kusogeza mistari juu. Kwa 1024 kwa 768 yenye baiti nne kwa pikseli hiyo ni MB 3 kila mstari mpya, na kusoma memori ya video kwenye mashine ya kweli ni polepole mno kuliko kuandika. Tunza nakala kwenye memori ya kawaida, sogeza humo, halafu mwaga kwa kuandika tu. Skejula iache mwisho, kipaumbele ni nyongeza, hivyo vingine ni majeraha.

#17

Nimeanza na IST kama ulivyosema. Hapo awali ilikuwa inajirestati tu, sasa inaandika "dabo folti" na RIP, na RIP inaangukia ndani ya fankisheni ya kuorodhesha folda ambayo inajiita yenyewe. Ina bufa ya KB 4 ndani yake kama kigezo cha kawaida.

#18 – Mwanzisha uzi

Ndiyo hiyo. Staki ya KB 16 inaisha kwenye folda ya nne kwenda chini. Itoe bufa kwenye staki uiombe kwenye hipu (memori ya kugawa), komiti hiyo peke yake, halafu tengeneza picha ya diski yenye folda ishirini ndani ya nyingine uiweke kwenye testi.